SOMO LA TATU: KUANDIKA MANENO NA KUWEKA PICHA KATIKA KARATASI YA NOTA



Katika masomo mawili yaliyotangulia tulijifunza kufungua programu ya MuseScore katika kompyuta za kituo chetu, na kuingiza nota za sauti nne katika mistari mitano. Wengi wenu mmefika na mmeweza. Lakini karatasi uliyoitengeneza bado ni bubu. Ina nota tu. Haina jina la wimbo, haina maneno, wala haimtaji aliyeutunga. Somo la leo ni juu ya mambo hayo, pamoja na picha, kwa kuwa walimu kadhaa wa kwaya wameuliza kama picha inaweza kuingia humo humo. Inaweza.

Kabla ya kuanza nitaeleza kosa langu mwenyewe, ili ujue kwa nini nasisitiza mambo ambayo huenda ukayaona madogo.

Kwaya moja ya hapa kambini ilikuwa na wimbo ambao wote mnaupenda, ule wa kuvuka ziwa. Mwalimu wao aliusikia kwa mama mmoja wa mtaa wetu, akaupanga kwa sauti nne, akauandika katika daftari. Safari yake ya kwenda nchi ya tatu ilipokaribia, alinipa daftari hilo nimpigie nota katika kompyuta. Niliharakisha. Niliandika maneno ya ubeti wa kwanza tu, kwa sababu niliona beti nyingine kila mtu anazijua. Mahali pa mtunzi niliandika "Hajulikani", kwa sababu daftari halikumtaja, nami sikuuliza. Tukatoa nakala arobaini. Mwalimu akaondoka, na daftari lake akaondoka nalo.

Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kwaya ilisimama mbele ya watu wote. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili sauti ya kwanza waliimba maneno yao, besi wakaimba ya kwao, na sauti ya tatu wakanyamaza. Na mama aliyeutunga wimbo ule alikuwa ameketi kwenye nyasi, safu ya tatu, karatasi yangu mkononi mwake. Hajui kusoma. Mjukuu wake ndiye aliyemsomea kwamba mtunzi wake hajulikani.

Alikuja kwangu kesho yake. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mbona mimi unanijua?"

Basi tuanze na jina.

JINA LA WIMBO NA MAJINA YA WATU

Programu inapokuuliza habari za wimbo mpya, hukupa nafasi za kuandika jina la wimbo, mtunzi, na mwandishi wa maneno. Wengi hubonyeza na kupita bila kuandika kitu. Kama ulipita, usianze upya. Fungua menyu ya Add, kisha Text, utaona Title kwa jina la wimbo, Subtitle kwa jina dogo la chini yake, Composer kwa mtunzi, na Lyricist kwa aliyetoa maneno. (Majina ya menyu nayaandika kama yalivyo kwenye skrini za kituo. Anayependa Kifaransa aniambie, kwa maana lugha ya programu inabadilishwa, kisha inafungwa na kufunguliwa tena.)

Nyimbo zetu nyingi hazina mtu mmoja tu nyuma yake. Kuna aliyetunga sauti na maneno. Kuna aliyepanga sauti nne. Kuna aliyezipiga nota kwenye kompyuta. Hawa ni watu watatu na kazi zao ni tatu, kwa hiyo andika hivi upande wa kulia: "Wimbo na maneno:" na jina, mstari wa pili "Sauti nne:" na jina, mstari wa tatu "Aliyeandika nota:" na jina lako wewe. Ukiwa ndani ya maandishi hayo, kitufe cha Enter kinakuteremsha mstari mmoja.

Kama wimbo ni wa zamani, wa bibi na babu, na kweli hakuna anayemjua mtunzi, usiandike "Hajulikani". Andika ulikoupata: "Umesikiwa kwa mama fulani, kijiji fulani, mwaka fulani." Hilo ni kweli, na litamsaidia mwingine kuuliza zaidi.

Tena, muulize mtu jina gani liandikwe. Wapo kati yetu ambao kwa usalama wao hawataki jina kamili liwe kwenye karatasi inayozunguka. Jina la kwaya, au jina la mtoto wake kama "Mama Furaha", linatosha. Namba ya simu, namba ya nyumba na namba ya kadi ya familia havina kazi kwenye karatasi ya nota. Usiviandike.

MANENO CHINI YA NOTA

Hapa ndipo penye kazi kubwa, nami naomba usiruke.

Bonyeza nota ya kwanza ya sauti ya kwanza. Shika Ctrl na ubonyeze L. Kielekezi kitaonekana kikipepesa chini ya nota. Andika silabi ya kwanza. Kama neno limekwisha, bonyeza kitufe kirefu cha nafasi, utahamia nota inayofuata. Kama neno linaendelea, bonyeza kistari, yaani alama hii (-), nawe utahamia nota inayofuata huku programu ikichora kistari kati ya silabi mbili. Kama silabi moja inaimbwa juu ya nota mbili au tatu, bonyeza kistari cha chini (_) kwa kila nota inayoongezeka, na programu itavuta mstari kuonyesha kwamba sauti inaendelea. Ukitaka kurudi nyuma, shika Shift na ubonyeze kitufe cha nafasi. Alama za kimya programu inaziruka yenyewe.

Katika kibodi ya Kiingereza kistari cha chini hupatikana kwa kushika Shift na kubonyeza kistari. Katika zile kompyuta zenye kibodi ya Kifaransa, kistari kiko kwenye kitufe cha 6 na kistari cha chini kwenye kitufe cha 8, bila Shift. Nimewaona watu wazima wakihangaika nusu saa kwa jambo hili, na zamu yao ikaisha.

Vitufe ni hivyo tu. Ugumu uko katika kuligawa neno, na kompyuta haiwezi kukusaidia hapo kwa sababu haijui Kiswahili. Itakubali upuuzi wowote utakaouandika.

Silabi ya Kiswahili karibu kila mara huishia kwa irabu. Tuseme mstari wako ni "Ziwa letu lina mawimbi". Utaugawa hivi:

Zi-wa le-tu li-na ma-wi-mbi

Hizo ni silabi tisa, kwa hiyo unahitaji nota tisa. Angalia mwisho: ni "wi-mbi", si "wim-bi". Waliosoma Kifaransa au Kiingereza hupenda kuifunga silabi kwa m au n, na ukiigawa hivyo mwimbaji atafunga mdomo mapema na kukaa juu ya m badala ya kukaa juu ya i. Kwaya nzima itasikika kama inaguna. Vivyo hivyo nyu-mba, ndu-gu, ng'o-mbe, Mu-ngu.

Lakini ipo m ambayo inasimama peke yake na inataka nota yake. Neno "mlima" lina silabi tatu: m-li-ma. "Mtoto" tatu: m-to-to. "Mmoja" tatu: m-mo-ja. "Nchi" ni mbili: n-chi. "Nne" ni mbili pia: n-ne. Linganisha na "mbali", ambalo ni silabi mbili tu, mba-li. Namna ya kujua ni kupiga makofi huku ukilisema neno polepole. Kila silabi, kofi moja. Walimu wa shule ya msingi wanaujua mchezo huu, watoto watakusahihisha.

Sasa kuna jambo la hapa kwetu. Sisi tuliotoka Kivu wengi tunasema "mutoto", "mulima", "mutu". Waliosoma shule za Tanzania husema "mtoto", "mlima", "mtu". Katika kwaya moja utawakuta wote wawili, na nimesikia mabishano makali kuhusu nani anaharibu wimbo. Hesabu silabi: mu-to-to ni tatu, m-to-to ni tatu. Nota hazibadiliki hata moja. Kinachobadilika ni kwamba mmoja ataimba u pale ambapo mwingine ataimba m kwa midomo iliyofungwa. Kwa hiyo msigombane juu ya nota. Kubalianeni herufi, na kama hamkubaliani, maoni yangu ni kwamba iandikwe kama mtunzi anavyoimba. Mama wa wimbo wa ziwa anasema "mutoto", na sasa karatasi inasema "mu-to-to".

Jambo la pili ni mkazo. Katika Kiswahili sauti hupanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ma-WI-mbi, m-TO-to. Katika muziki, nota ya kwanza ya kila baa ndiyo yenye nguvu. Ukiweza, silabi yenye mkazo iangukie hapo. Sote tumeimba nyimbo zilizofasiriwa kutoka lugha za Ulaya ambamo maneno yamesukumwa tu yatoshe, na mpaka leo hatuelewi mistari mingine inasema nini. Mkazo unaweza hata kubadili maana: barabara tunayopita kwa miguu, na "barabara" ya kusema kitu kimefanyika sawasawa, zimeandikwa kwa herufi zile zile, lakini mkazo ni tofauti. Kama wimbo ni wako, bado una nafasi ya kusogeza neno. Kama ni wa mtu mwingine, usisogeze. Andika kama ulivyo.

Mara nyingine irabu mbili za maneno mawili huimbwa kwa nota moja, kama "na uende" inapoimbwa haraka. Hapo usibonyeze nafasi ya kawaida, maana utahamia nota nyingine. Shika Ctrl na ubonyeze kitufe cha nafasi, utapata nafasi ndani ya silabi hiyo hiyo, na "na u" itakaa chini ya nota moja.

UBETI WA PILI NA KUENDELEA

Ukimaliza ubeti wa kwanza, rudi kwenye nota ya kwanza, Ctrl na L tena, nawe utaanza mstari wa chini yake. Huo ni ubeti wa pili. Anza kila ubeti kwa namba: andika "1." kisha Ctrl na nafasi, halafu silabi yenyewe.

Ubeti wa pili ndio uliotuaibisha, kwa hiyo uandike ukiwa na mtu anayeujua amekaa karibu nawe, akiimba taratibu. Utagundua kwamba hauna silabi sawa na wa kwanza. Hakuna wimbo wetu ambao beti zake zina hesabu moja kamili. Palipo na silabi pungufu, vuta kwa kistari cha chini. Palipo na silabi nyingi, unganisha kwa Ctrl na nafasi. Kisha mwombe aimbe tena huku ukifuata kwa kidole.

Beti mbili chini ya nota zinasomeka vizuri. Tatu, kwa shida. Ukiweka nne au tano, mwimbaji anayesoma kwa tochi jioni atapotea. Beti zinazobaki ziandike mwishoni mwa wimbo kama shairi la kawaida: menyu ya Add, kisha Frames, kisha Append text frame. Patatokea fremu chini ya nota zote, nawe utaandika humo beti ya tatu hadi ya mwisho. Usiandike "n.k." wala "beti nyingine kama kawaida". Hiyo "kawaida" inapanda basi pamoja na watu.

Herufi za maneno huwa ndogo mno kwa wazee. Ingia Format, kisha Style, kisha Text styles, utafute Lyrics odd lines na Lyrics even lines, yaani mistari ya maneno ya namba witiri na ile ya namba shufwa. Badilisha ukubwa wa zote mbili uwe 12. Ukibadilisha moja tu, ubeti wa kwanza utakuwa mkubwa na wa pili mdogo.

KWA WANAOSOMA DO, RE, MI

Walimu wengi wa kwaya hapa hawasomi mistari mitano. Wanasoma herufi za d, r, m, f, s, l, t, utaratibu uliotokana na kazi ya mwalimu wa kike wa Uingereza, Sarah Glover, ukaendelezwa na John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakauleta Afrika. Ni usomaji kamili, wala si wa kuonea haya. Kwaya nyingi za bara hili zimejengwa juu yake.

Unaweza kuwaandikia wote katika karatasi moja. Njia rahisi ni kuifanya herufi kuwa mstari wa kwanza wa maneno: Ctrl na L, kisha d, nafasi, m, nafasi, s, na kuendelea. Kwa sauti ya juu weka alama ya juu kama d', na kwa sauti ya chini weka mkato kama s,. Ile deshi ya kuvuta sauti usiiandike, kwa sababu ukiibonyeza utahamishwa kwenye nota nyingine; urefu tayari unaonekana kwenye nota yenyewe. Kisha maneno ya ubeti wa kwanza yanakuwa mstari wa pili. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuweka namba za beti kwa mkono.

Na juu kabisa mwanzoni andika "Doh ni G", au ufunguo wowote unaotumika.

MAELEKEZO YA MWALIMU

Maneno kama "Doh ni G", "polepole", "besi peke yao", "piga makofi" hayaimbwi, kwa hiyo hayaandikwi kwa Ctrl na L. Yana njia mbili, na watu huzichanganya.

Ctrl na T huandika maelekezo ya sauti moja tu. Ctrl na Shift na T huandika maelekezo ya sauti zote. Kwenye skrini huwezi kuona tofauti. Yote yanakaa juu ya mistari. Tofauti inatokea siku utakapochapa karatasi ya kila sauti peke yake. Kijana mmoja aliandika "Wote kimya, hesabu nne" kwa Ctrl na T juu ya sauti ya kwanza. Karatasi za besi zikatoka bila maneno hayo. Kanisani wote walinyamaza, isipokuwa besi, ambao waliendelea kwa nguvu zao zote. Walidhani wenzao wamesahau.

PICHA

Picha kwenye karatasi ya nota si pambo tu. Nimeona kazi tatu zinazofaa hapa kwetu.

Ya kwanza ni kwa wasiosoma. Mama wengi wa kwaya wanashika maneno yote kichwani, ila wanachanganya mpangilio wa beti. Katika fremu ya beti za mwisho, tumeweka mchoro mdogo kwa kila ubeti: mtumbwi kwa ubeti wa tatu, jembe kwa wa nne, moto wa jikoni kwa wa tano. Anayesoma anasoma, asiyesoma anatazama mtumbwi na anajua tuko wapi.

Ya pili ni kutunza mwandiko. Kama wimbo uko katika daftari la mwalimu, piga picha ukurasa huo kwa simu, mchana, daftari limelala, bila kivuli cha mkono wako. Iweke kwenye ukurasa wa mwisho wa nota. Kama mimi nilikosea kuandika nota, atakayekuja miaka ishirini baadaye ataona mwalimu mwenyewe aliandika nini. Ningefanya hivyo kwa daftari lile la wimbo wa ziwa, tusingehangaika.

Ya tatu ni nembo ya kwaya au picha ya ala, kwa mfano namna ya kushika kayamba.

Namna ya kuiweka ni hii. Kwanza tengeneza nafasi: Add, Frames, kisha Append vertical frame kama picha itakaa mwishoni, au Insert vertical frame kama itakaa kabla ya baa uliyoichagua. Fungua folda yenye picha pembeni ya programu, ishike picha kwa mausi, iburute, uiachie ndani ya fremu. Unaweza pia kuiachia juu ya nota, lakini hapo picha itaning'inia kwenye nota hiyo na kuhama nayo kila unapoongeza baa. Kwa fremu inatulia. Ukibonyeza picha, vishikio vitaonekana pembeni yake vya kuikuza au kuipunguza. Angalia usiivute upande mmoja, mtumbwi ukawa sahani.

Programu inakubali picha za JPEG, PNG na SVG. Haikubali faili ya PDF kama picha. Picha ya simu huwa nzito. Ipunguze kabla ya kuiingiza, maana inahifadhiwa ndani ya faili ya wimbo, na faili nzito huifanya kompyuta kuukuu isote.

Pia kumbuka mashine yetu ya fotokopi ni nyeusi na nyeupe. Picha ya watu iliyopigwa juani, ikipita humo, nyuso zinageuka doa jeusi. Mchoro wa mstari mweusi kwenye karatasi nyeupe hutoka safi kila mara. Vijana wanaochora wapo, waombeni.

Kuhusu picha za watu, msimamo wetu ni ule ule wa matangazo mengine: uliza kwanza, na mtu akikataa, basi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayejibu, na mtoto mwenyewe pia asikilizwe. Karatasi ya nota hutembea. Inafungwa katika bahasha, inatumwa kwa simu, inafika tulikotoka. Ambaye hataki aonekane kule ana sababu yake, wala halazimiki kuieleza.

KUHIFADHI NA KUCHAPA

Umeme wa sola hukatika bila hodi. Bonyeza Ctrl na S kila unapomaliza mstari mmoja wa maneno.

Angalia ukubwa wa karatasi kabla ya kuchapa. Programu inaweza kuwa imewekwa kwa karatasi ya Kimarekani, nayo printa yetu inatumia A4. Ingia Format, kisha Page settings, uchague A4, la sivyo mstari wa mwisho unaweza kuhama ukurasa.

Kisha File, Export, na uchague PDF. Hiyo ndiyo utakayoipeleka kuchapa, na inafunguka pia kwenye simu. Lakini usiifute faili yenyewe ya MuseScore, kwa maana PDF hairekebishiki. Weka nakala mbili za faili hiyo: moja katika kompyuta ya kituo, nyingine katika flashi ya kwaya. Anayesafiri aache moja na aende na moja. Kompyuta za zamani za kituo zina MuseScore 3, na zile mbili mpya zina MuseScore 4, iliyotoka Desemba 2022. Faili ya 3 hufunguka katika 4, lakini ya 4 inaweza kukataa kufunguka katika 3, kwa hiyo kazi uliyoianza kwenye mashine mpya imalizie huko huko. Programu yenyewe ni ya bure na, ikishawekwa, haihitaji intaneti.

Kabla ya kutoa nakala nyingi, toa moja tu. Mpe mtu ambaye hakuwa kwenye mazoezi, aimbe kutoka kwenye karatasi bila wewe kumsaidia. Anapokwama, hapo ndipo pa kurekebisha.

Wimbo wa ziwa umeandikwa upya. Tulikaa na yule mama siku tatu alasiri, akiwa anachambua maharage, nikamwandika akiimba. Beti ziko saba, si tano kama tulivyodhani. Mbili mwalimu hakuwahi kuzisikia. Jina lake liko juu upande wa kulia, kama alivyotaka liandikwe, na la mwalimu chini yake. Wenye nakala za zamani zilizoandikwa "Hajulikani" wazilete kituoni, watapewa mpya.

Zamu za kompyuta kwa kila kwaya zimebandikwa mlangoni mwa kituo. Njoo na maneno ya beti zote yakiwa yameandikwa tayari kwenye karatasi na kugawanywa kwa silabi, na kama inawezekana, njoo na mtunzi.